Kobe Aliyeacha Nyumba Wazi

Watoto wote waliokulia mtaa ule walijua jambo moja ambalo si kweli: kwamba kobe akichoka hulivua gamba lake, akaliacha mahali, akaenda zake matembezini. Walimu walibishana nao mpaka wakasalimu amri. Mwalimu mmoja alileta kobe mzimamzima darasani, akawaonyesha jinsi gamba lilivyoshikana na mgongo, na bado msichana mmoja akasimama akasema huyo hajachoka, subirini achoke. Msichana huyo alikuwa binti wa Mdomo, na lawama zote za upotoshaji huu zilikuwa za baba yake.

Mdomo ni jina la kazi. Pale mtaani palikuwa na ukumbi wa filamu, chumba kirefu chenye mabenchi ya mbao na shuka jeupe ukutani, na filamu zenyewe zilikuwa za lugha za watu. Mdomo alikaa kwenye stuli pembeni ya shuka, kipaza sauti mkononi, akizitafsiri papo hapo. Lugha aliziokota ujanani alipokuwa mpishi melini, na kama kila kitu cha kuokota, nyingine zilikuwa na pancha. Hilo halikumsumbua. Jambazi akipigwa risasi, Mdomo alimpa nafasi ya kuwaaga ndugu zake. Mwanamke akimkataa mwanamume, Mdomo alimwongezea sababu mbili tatu za kumkatalia. Alikuwa na sauti ya mtoto, ya tajiri, ya askari mwenye mafua, ya bibi kizee asiye na meno, na watu walisema waziwazi kwamba hawaji kuangalia filamu, wanakuja kumsikiliza Mdomo.

Katika filamu zote, hakuna iliyopendwa kama ile katuni ya kale ya kobe wahamiaji. Bwawa linakauka, majani yanaisha, na kobe mama anatangulia kuvuka bahari kwenda kutafuta kazi katika nchi ya majani. Baadaye baba na mtoto wanamfuata, wamejibanza kati ya makasha ndani ya meli ya mizigo. Wakishuka, maofisa wa bandari, bata mzinga wenye kofia za serikali, wanawauliza: nyinyi mnakaa wapi? Wanawauliza hivyo watu waliobeba nyumba zao mgongoni. Hapo ukumbi mzima ulikuwa unavunjika mbavu, na Mdomo alikuwa akisubiri vicheko viishe ndipo aendelee.

Kisha baba na mtoto wanafika nyuma ya kiwanda alikokuwa anafanya kazi mama, na wanakuta gamba lake kwenye majani, tupu. Muziki unashuka. Baba anapiga magoti, anasema maneno machache kwa lugha yake. Na Mdomo, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayepokea mgeni mlangoni, alikuwa anasema: "Mama ametoka kidogo. Nyumba ameiacha wazi ipate hewa."

Kuanzia hapo, kila mara kobe mdogo alipokaa peke yake akiutazama mwezi, Mdomo alimletea sauti ya mama yake kutoka mbali. Sauti nyembamba, tulivu, yenye kicheko kilichojificha ndani. "Mwanangu, umekula?" ilikuwa inauliza. Au, "Jifunike, kuna baridi." Watoto kwenye mabenchi ya mbele walikuwa wanaitikia: tumekula, mama. Mwishoni, kobe wote wageni wanapanda bustani pamoja, na Mdomo alikuwa akifunga kwa kusema mama yumo kwenye meli inayokuja.

Sasa binti alikuwa mtu mzima. Ndiye aliyeshika funguo za ukumbi, aliyewasha mitambo, aliyewatoa nje walevi. Na mwezi uliokuwa unakuja alikuwa anasafiri. Alikuwa amepata kazi ya kutunza wazee ng'ambo, katika nchi ile ile aliyokwenda mama yake yeye akiwa bado anabebwa mgongoni akisinzia. Asubuhi alikwenda darasani kujifunza lugha ya kule, jioni alifungua ukumbi. Virago vyake alikuwa ameanza kuvifunga. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, na kitu hicho alikuwa nacho baba yake.

"Baba, nataka kujua mama anakaa wapi. Aje kunipokea."

"Nitamuuliza akipiga."

"Nipe namba nimpigie mwenyewe."

"Amebadilisha. Kule wanabadilisha namba kama soksi."

Wiki iliyofuata simu ya mama ilikuwa imeharibika. Wiki nyingine mama alikuwa amehamishwa na tajiri wake kwenda mji mwingine. Tangu utotoni mambo yalikuwa hivyo. Mama alikuwa anapiga simu binti akiwa amelala, kwa sababu saa za kule si za huku, na asubuhi baba alimletea salamu pamoja na chai. Mama yako anasema umekua. Mama yako anasema soma kwa bidii. Siku nyingine gauni jipya, limetoka kwa mama. Binti akiwa mdogo alikunywa salamu zile zikiwa za moto. Alipokua akaanza kuzihesabu kuwa ni uongo, lakini uongo wa aina aliyoifikiria yeye.

Alijua, au alijiaminisha kwamba anajua. Mama alikuwa ameolewa kule. Alikuwa na nyumba, na mume mwingine, na watoto wengine wanaokula mezani wakijifuta midomo, na baba alikuwa anaificha aibu ile kwa sababu bado anampenda. Tangu akiwa sekondari binti alimchukia mwanamke yule kwa chuki safi, iliyotunzwa vizuri. Siku ya mahafali alimchukia. Siku alipolazwa hospitalini, baba akalala chini ya kitanda chake kwenye mkeka, alimchukia zaidi. Na huko alikokuwa anakwenda, pamoja na kazi, alikuwa na shughuli yake moja: kusimama mbele ya mlango wa mwanamke huyo, kumtazama usoni, na kumuuliza yeye, mwanawe, alimkosea nini.

Mambo yalikuwa hapo, mwenye ukumbi alipotangaza kwamba Jumapili ataonyesha tena ile katuni ya kobe, kwa ajili ya kumbukumbu na kwa sababu watu wamemsumbua. Alhamisi alasiri benchi la nje ya ukumbi likajaa wajuaji.

"Mimi nasema hakuna filamu kama ile," akaanza fundi viatu, ambaye kibanda chake kilipakana na ukumbi. "Kila nikiiona nalia, na silii hovyo mimi."

"Ulilia kuku wako alipogongwa," akasema muuguzi.

"Kuku yule alikuwa na akili."

Muuguzi mwenyewe hakuipenda. Alisema katuni ile ndiyo iliyowafunga watu kamba. Kaka zake wawili waliiona wakiwa wadogo, wakakua wakiamini ng'ambo ni majani matupu, ukishuka melini unaanza kutafuna, na mmoja wao sasa hivi anaosha maiti katika nchi ambayo hajui hata kusema asante. "Filamu ya watoto gani hiyo? Inawafundisha kuondoka."

"Inafundisha kufuatana," akasema dereva mstaafu. "Familia haiachani. Mmoja akienda, wengine wanafuata."

"Wako wamekufuata?"

Dereva mstaafu akasonya. Alikuwa na watoto watano na hakuna aliyekuwa anakaa mji ule. Akasema kwamba, kwa kweli, kosa kubwa la filamu ile ni urefu; kobe wanatembea mno. Wengine wakasema urefu ndio utamu wake. Wengine wakasema nyimbo zilikuwa nzuri ila michoro imechakaa, watoto wa siku hizi hawawezi kukaa nayo. Binti alikuwa mlangoni anafagia, anasikiliza, anatabasamu. Maneno yale aliyajua yote.

Ndipo akazungumza mtu waliyempachika jina la Mtokanje, kwa kuwa alikuwa ametoka nje ya nchi, amerudi na begi moja na kikohozi.

"Mimi niliiangalia kulekule," alisema. "Mnajua kwamba yule mama amekufa?"

Fundi viatu akamgeukia.

"Mama gani?"

"Kobe mama. Amekufa. Wanaposhuka melini wanakuta amekwisha kufa. Filamu nzima ni ya msiba. Nyinyi mlidhani gamba tupu ni nini?"

"Ametoka kidogo," fundi viatu akasema.

"Ametoka kwenda wapi bila mgongo?"

Ilibaki kidogo apigwe. Fundi viatu alisimama na nyundo yake, akasema mtu hawezi kutoka huko atokako akaja kuwaulia watu mama yao. Muuguzi alicheka mpaka akashika ukuta. Dereva mstaafu akasema huenda kule wanaonyesha filamu nyingine, za kule si za huku. Na binti akacheka pamoja nao, tena kwa sauti. Lakini alipoinama kuchukua takataka aliona kwamba ufagio umemtoka mkononi na hakumbuki umemtoka saa ngapi.

Kesho yake asubuhi hakwenda darasani. Alifungua ukumbi, akafunga mlango kwa ndani, akawasha mitambo, akakaa benchi la mbele. Alikuwa ameiona filamu ile mara nyingi kuliko alivyowahi kwenda hospitali, kanisani, au popote pale, na hakuwahi hata mara moja kuisikia. Sikuzote sauti yake ilikuwa imeshushwa, ikabaki mnong'ono tu chini ya sauti ya Mdomo. Sasa akaipandisha.

Lugha ile ndiyo aliyokuwa anajifunza. Hakuielewa yote, lakini darasa lake lilikuwa la watu wanaokwenda kutunza wazee, na wanafunzi wa namna hiyo hawaanzi na habari za hali ya hewa. Walianza na: umekula? Unaumwa wapi? Umelala vizuri? Na kabla hawajafundishwa hata kuhesabu vizuri walifundishwa namna ya kupiga simu kwa jamaa za mzee na kusema, kwa heshima, kwamba amefariki. Walilirudia neno lile darasani wote kwa pamoja, kama watoto wanavyorudia majina ya matunda.

Baba kobe akapiga magoti mbele ya gamba tupu, akalisema neno lile.

Binti aliisimamisha filamu, akairudisha nyuma, akaisikiliza tena. Neno lilikuwa lilelile. Akaiacha iendelee. Kobe mdogo akakaa akiutazama mwezi, na hapakuwa na sauti yoyote ya mama. Palikuwa na muziki tu, mrefu, wa ala moja, na mtoto anaangalia juu. Pale ambapo maisha yake yote palikuwa na "Mwanangu, umekula?" hapakuwa na kitu. Filamu ilimwacha mtoto peke yake mpaka muziki ukaisha.

Mwanzo alimwonea baba yake huruma, hata akacheka: mzee wa watu, amewadanganya watoto wa mtaa mzima ili wasilie. Kisha kicheko kikamkauka. Kwa sababu alijiuliza: hivi mimi nimewahi kuisikia sauti ya mama yangu?

Akatafuta. Alitafuta kama mtu anavyopapasa kitandani akitafuta simu gizani. Simu zote zilikuwa zimepokewa na baba. Salamu zote zilikuja kwa kinywa cha baba. Alipojaribu kumkumbuka mama akizungumza, aliisikia sauti nyembamba, tulivu, yenye kicheko kilichojificha ndani, na sauti ile aliijua inakotoka. Inatoka kwenye stuli, pembeni ya shuka.

Alikaa pale mpaka mitambo ikajizima yenyewe.

Nyumbani hakusema kitu. Ni rahisi kuuliza kwa nini hakumvaa mzee siku hiyohiyo akamaliza. Anayeuliza hivyo hajawahi kuogopa jibu. Kama mama yuko hai na ameolewa, yupo wa kuchukiwa. Binti alikuwa ameishi na chuki ile miaka mingi, ilikuwa imemsomesha, ilikuwa imemtafutia hata kazi. Aliogopa kunyang'anywa. Usiku alimsikia baba anageukageuka chumbani kwake, na yeye akageukageuka chumbani kwake, na ukuta ukawa katikati yao.

Jumamosi asubuhi alimmiminia chai, akakaa mbele yake.

"Baba, kesho utaitafsiri kama ilivyo?"

"Kama ilivyo vipi?"

"Kama wanavyosema wenyewe. Neno kwa neno."

Mdomo alikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari. "Watu hawataipenda."

"Sikuulizi watu."

Akamtazama binti yake kwa muda mrefu. Mzee alikuwa amekula chumvi, nywele zimekuwa nyeupe masikioni, lakini uso wake bado ulikuwa uso wa kazi, uso unaoweza kuwa wa yeyote. Asubuhi ile haukuwa wa mtu mwingine. Akaiacha chai, akachukua kofia yake, akatoka, na hakurudi mpaka jioni. Binti hakumuuliza alikuwa wapi.

Jumapili ukumbi ulifurika. Walikuja waliokuwa watoto wakati ule, sasa wamekuja na watoto wao. Fundi viatu alivaa shati jeupe. Dereva mstaafu alikaa karibu na mlango ili aondoke mapema, kwa sababu ya ule urefu, na muuguzi alikaa nyuma akisema amekuja kuangalia watu, si filamu. Mtokanje akasimama peke yake ukutani. Binti aliwasha mitambo, lakini hakubaki nayo. Alikwenda akakaa benchi la mbele kabisa, kati ya watoto, magoti yamemfika kidevuni.

Mdomo alimwona. Watu walisema baadaye kwamba tangu mwanzo sauti yake haikuwa sawa, lakini watu husema hivyo baadaye sikuzote. Ukweli ni kwamba alianza vizuri ajabu. Bwawa likakauka, akawaliza. Mama akatangulia, akammwagia mtoto wake wosia wa kila siku. Bata mzinga wakauliza mnakaa wapi, na paa likataka kuruka kwa vicheko.

Kisha gamba likaonekana kwenye majani. Muziki ukashuka. Baba kobe akapiga magoti, akasema maneno yake machache, na kipaza sauti kikakaa kimya.

"Mdomo!" mtu akaita. "Umelala?"

"Ametoka kidogo!" watoto wa zamani wakamsaidia, wakicheka. "Nyumba ameiacha wazi ipate hewa!"

Mdomo akainua kipaza sauti. Hakumtazama kobe. Hakutumia sauti ya baba kobe wala sauti ya mtu yeyote aliyewahi kumwiga. Alisema, akimwangalia binti yake benchi la mbele, kwa sauti aliyokuwa akiitumia nyumbani:

"Mama amekufa. Alikufa kabla hatujamfuata. Nisamehe, mwanangu, sikujua niseme vipi."

Ukumbi ukalipuka. Hapana, hiyo siyo! Mzee amechanganyikiwa! Rudisha nyuma! Kuna aliyepiga mluzi, kuna aliyesema tumerogwa na Mtokanje. Watoto wadogo, ambao ndio kwanza wanaiona, walinyamaza kimya kabisa, kwa kuwa wao hawakuwa na toleo jingine. Na binti hakujitikisa. Alikuwa amejua tangu Ijumaa, na bado neno lile lilimpiga kama vile hakuwa analijua. Kilichomuuma kwanza hakikuwa kifo. Kilichomuuma ni kwamba miaka yote ile alikuwa anamchukia marehemu, mwanamke asiye na mume mwingine wala meza wala watoto wanaojifuta midomo, aliyelazwa chini huko akisingiziwa na mwanawe mwenyewe.

Filamu ikaendelea, kwa kuwa filamu haina habari na mtu. Kobe mdogo akakaa, akautazama mwezi. Mdomo akaweka kipaza sauti mapajani, na kwa mara ya kwanza mtaa ule ukausikia muziki wa pale mpaka mwisho.

Taa zilipowaka, walitoka wamegawanyika kama waliotoka kortini. Muuguzi macho yalikuwa mekundu, na alisema kwa hasira kwamba hii ndiyo filamu, hivi ndivyo ilivyopaswa kuonyeshwa tangu zamani, kaka zake wangeondoka wakijua wanachokwenda kukuta. Fundi viatu alisema ameharibiwa utoto wake wote kwa siku moja na hatarudi tena. Dereva mstaafu, aliyekaa karibu na mlango ili aondoke mapema, ndiye aliyetoka karibu mwisho. Alimwambia Mtokanje, ambaye hawakuwahi kuelewana, kwamba filamu ni fupi kuliko alivyoikumbuka. Mama mmoja alimbeba mtoto wake analia, akamtupia Mdomo jicho la kumlaumu. Mtoto alitaka kujua nani sasa atamwambia kobe ajifunike.

Walipobaki wawili, binti alianza kupanga mabenchi, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Mdomo hakushuka kwenye stuli.

"Lini?" binti akauliza, amempa mgongo.

"Nilipata habari siku filamu hii ilipokuja."

Benchi likakaa mikononi mwake.

"Simu ilikuja asubuhi," Mdomo akasema. "Mwenzake wa kazini. Homa, siku chache tu. Wamekwisha kumzika, alisema, hawakujua wamtafute nani. Nikakaa nikafikiri, nitamwambia jioni. Jioni nikaja kazini, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Filamu mpya, sijaiona, natafsiri ninavyokwenda. Nikafika pale kwenye gamba. Na wewe umekaa hapo ulipokuwa umekaa leo. Meno ya mbele huna. Umenitazama, unasubiri nikwambie yuko wapi." Akajifuta uso kwa kiganja. "Mdomo ukakataa. Ukasema kitu kingine. Ukacheka wewe, ukapiga makofi. Nikasema basi, nitamwambia kesho."

"Kesho."

"Kesho ukaniuliza kama mama amepiga."

Binti akaliweka benchi chini. "Nilikuwa namchukia, baba," akasema. "Nilidhani ametuacha. Nilidhani ana watoto wengine. Nilikuwa nakwenda kule kumtukana."

Hilo Mdomo hakulijua. Mtu aliyeweza kusema sauti za watu wote hakuwa amewahi kusikia hiyo moja, iliyokuwa inakaa naye chumba cha pili. Alishuka kwenye stuli taratibu, akishika ukuta, akaja akakaa kwenye benchi kama mtu aliyeambiwa akae na daktari.

"Alikuwa anakuulizia wewe tu," akasema. "Ile miaka ya mwanzo, alipokuwa anapiga mwenyewe. Hakuniuliza kodi, hakuniuliza kazi. Umekula, umelala, umefunikwa. Yale sikuyatunga mimi. Yale ni yake."

Binti akakaa karibu naye. Walilia sasa, wote wawili, bila kupokezana na bila aibu, na ukumbi mtupu ukawarudishia kilio chao. Nje watu bado walikuwa wanabishana kuhusu filamu.

"Nisemee," binti akasema alipoweza. "Siyo kama kwenye filamu. Kama alivyokuwa anasema yeye, kwenye simu. Sauti yake mwenyewe. Sijawahi kuisikia."

Mdomo akafumba macho. Akavuta pumzi, akaitengeneza shingo yake kama alivyoitengeneza kwa kila tajiri na kila bibi kizee na kila askari mwenye mafua, akafungua kinywa.

"Mwanangu, umekula?"

Ilikuwa sauti nyembamba, tulivu, yenye kicheko kilichojificha ndani. Akatikisa kichwa. Akajaribu tena, chini kidogo, na ikatoka ileile. Akajaribu kwa jina la utani alilokuwa akiitwa na mkewe, kwa salamu, kwa kicheko, na kila ilipotoka ilitoka ileile, na uso wake ukaanza kuvunjika.

"Hiyo ni ya kobe," akasema. "Ya kwake imepotea. Nimeisema hii mara nyingi mno, imepotea."

"Jaribu tena, baba," binti akasema, akamshika mkono, akafumba macho asikilize.